Wimbo wa Yudron Uani kwa Palzom

"Nilikusikia ukiimba kijijini nilipokwenda kuvuna, dada. Asubuhi mapema, uani kwa mjane Palzom."

Yudron alikuwa ameinama kwenye ngazi za jengo, akimfunga binti yake kamba za viatu vya shule. Hakuinua kichwa.

"Mimi niko hapa mjini tangu theluji ya mwaka jana, Dzompa. Ulimsikia mtu mwingine."

"Masikio yangu hayajazeeka! Ni ule wimbo wako wa kukamulia. 'Shuka, nyeupe, shuka.' Hata kale kakikohozi kako ka katikati nilikasikia. Nikasimama na mundu begani, nikasema, loo, Yudron amerudi nyumbani bila kutuaga. Nikachungulia ukutani. Hukuwepo."

"Nani alikuwepo?"

Dzompa akatazama pembeni, akakaza kitambaa chake cha kichwani.

"Mimi sipendi kuingia katika ugomvi wa watu."

"Umeshuka ghorofa mbili kunitafuta, halafu hupendi?"

"Haya basi. Alikuwepo Palzom. Na simu imening'inizwa kwenye nguzo. Wewe ulikuwa ndani ya simu."

Chimey, binti mwenye miaka saba, akamvuta mama yake mkono. "Mama, kengele italia."

"Italia. Simama vizuri."

"Na jambo jingine," Dzompa akaendelea, maana alipoanza alikuwa haachi. "Shayiri imekatwa yote. Kila mwaka tukishakata, yaki wenu ndio wa kwanza kushuka kutoka malisho ya juu, waje kula mabua na kutuachia samadi. Mwaka huu mabua ya shamba lenu yamesimama wima kama kichwa cha mtawa aliyesahau kunyolewa. Hakuna alama ya kwato, dada. Hata moja."

"Labda Gonkyab amechelewa kuwashusha."

"Labda," alisema Dzompa, na sauti yake haikuwa na labda yoyote.

Yudron akamshika binti yake mkono, wakaenda shuleni.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa katika nyumba hiyo. Shule ya kijiji ilipofungwa, kila nyumba yenye mtoto ililazimika kumtoa mtu mmoja aende mjini kukaa na mtoto huyo. Nyumba nyingi zilimtoa mama. Yudron alikwenda na Chimey pamoja na mama mkwe wake, Ama (yaani mama) Tsomo, ambaye kifua chake hakikuweza tena baridi ya mlimani. Gonkyab, mumewe, alibaki na shamba la shayiri pamoja na yaki. Yaki hao, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, majike wote wa kukamuliwa, walikuwa wa Yudron. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, kama mama yake alivyopewa na bibi. Kwa desturi ya bonde lile mume huwalisha, huwalinda na hula siagi yao, lakini kuwauza hawezi mpaka mke atamke kwa kinywa chake.

Majira ya baridi yalipokwisha, Gonkyab alimpigia simu. Yaki walikuwa wamemkatalia maziwa. Walizoea wimbo wa mkewe. Basi Yudron akaanza kuimba kila asubuhi kwenye simu, akiwa amesimama katika kibaraza chembamba kinachotazamana na ukuta wa jengo la pili, na kuutuma wimbo mlimani. Majirani walimcheka mwanzoni, baadaye wakazoea. Katika mji ule hakuwa na kazi, hakuwa na shamba, na mikono yake ilikuwa imelainika kama ya mtoto mchanga. Alipokwisha kuutuma wimbo, siku yake ilikuwa imekwisha, ingawa jua ndio kwanza lilikuwa likipanda.

Aliporudi kutoka shuleni siku hiyo aliandika ujumbe:

"Yaki hawajambo?"

Jibu likaja upesi:

"Hawajambo. Wote wanakusalimu."

Akapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Yudron! Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima. Mbona shayiri imekatwa na yaki hawajashuka?"

"Nyasi za malisho ya juu, kule Serkha, bado ni nzuri mwaka huu. Nikasema wale kwanza."

"Kinachonguruma hapo ni nini?"

"Upepo."

"Upepo wa mlimani naujua, baba Chimey. Haungurumi kwa zamu."

Ile ngurumo ikasimama, ikaanza tena.

"Na mbwa mbona simsikii?"

"Amelala."

"Mbwa wa kulinda yaki amelala mchana?"

"Mtandao unakatika, mke wangu. Nitapiga ba—"

Simu ikakatika.

Yudron akaiweka juu ya meza. Alikaa akingoja uchungu umfike, kama mtu aliyejikata kidole anavyongoja damu itoke. Haukufika. Alijua kwamba mwanamke mwingine angelia, angevunja bakuli. Yeye alitazama ukuta wa jengo la pili mpaka chai ikapoa, siagi ikaganda juu yake kuwa ngozi nyembamba ya njano.

Ama Tsomo alikuwa amekaa kwenye godoro lake karibu na dirisha, akisukuma shanga za sala. Alikuwa amesikia yote.

"Kesho nakwenda kijijini, Ama," alisema Yudron. "Utakaa na Chimey?"

"Nitakaa naye."

"Huniulizi ninafuata nini?"

Mzee alinyanyuka polepole, akafungua kabati, akatoa bonge la siagi ambalo Gonkyab alikuwa amewaletea kwa gari la mizigo, limefungwa katika ngozi ya kondoo kama siagi zote za nyumba yao. Akakata kipande kwa ukucha, akamwekea mkwewe kiganjani.

"Onja."

"Ama, siagi hii tumeila majira yote ya joto."

"Umeila. Sikusema ule. Nimesema onja."

Yudron akaiweka ulimini. Iliyeyuka. Ilikuwa na mafuta na chumvi. Akafumba macho, akaitafuta ile ladha ya kitunguu cha mwituni kinachomea Serkha peke yake, ambayo yeye aliijua tangu hajaota meno. Aliitafuta mpaka siagi ikaisha kinywani. Haikuwemo.

"Hii ni ya ng'ombe wa bondeni," alisema. "Siagi ya kununua."

"Yote ilikuwa hivyo. Tangu bonge la kwanza."

"Ulijua, Ama?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

Ama Tsomo akalifunga tena bonge katika ngozi.

"Ni mwanangu. Nilisema moyoni, ngoja mwenye yaki aonje mwenyewe, nami nitakuwa sikumsaliti mtoto wangu. Kila asubuhi nilikutazama ukipaka siagi kwenye bakuli, nikangoja. Hukuonja. Ukaniogopesha kuliko yeye, Yudron. Nilidhani umekufa umekaa."

"Wamekwenda wapi yaki wangu, Ama?"

"Hilo silijui. Hilo kamuulize aliyekuoa."

Asubuhi iliyofuata Yudron hakuimba. Alipanda gari dogo la abiria, akakaa karibu na mwanamke aliyebeba kuku, wakapanda bonde lote. Pale ambapo mto hugawanyika alishuka, akatembea. Shamba lao lilikuwa kama Dzompa alivyosema: mabua wima, udongo haujakanyagwa. Katika mashamba mengine pia kwato zilikuwa chache. Nyumba nyingi kijijini zilikuwa na kufuli mlangoni.

Kabla hajafika uani kwa Palzom alijisikia mwenyewe.

*Shuka, nyeupe, shuka,*
*theluji imekupa, nawe nipe.*
*Ya mwanao nimemwachia,*
*yangu nishushie, mama, shuka.*

Ulikuwa wimbo wa jana. Kale kakikohozi kalikuwa mahali pake. Yudron akasukuma lango.

Simu ilining'inia kwenye nguzo kwa uzi. Chini yake alisimama yaki mmoja jike, mzee, mwenye rangi ya kijivu na uso mweupe, na katika sikio lake la kushoto kulikuwa na kishada cha sufu nyekundu kilichofifia. Huyu alikuwa Ngonmo. Siku ya harusi yao lama alimsomea sala, na Yudron mwenyewe akamfunga sufu ile sikioni, kwamba amepewa uhai wake: hatauzwa wala hatachinjwa mpaka afe kwa umri. Kando yake ndama mdogo alikuwa amefungwa kwenye kigingi. Palzom alikuwa amechuchumaa, paji la uso limeegemea ubavu wa Ngonmo, akikamua.

"Umekuja kunipiga ama umekuja kukamua?" Palzom aliuliza bila kugeuka. "Kama ni kupiga, ningoje nimalize. Huyu bibi yako akishtuka anaipiga ndoo teke."

"Nilikuja kutazama."

"Tazama. Watu wote wameshatazama. Mimi hata nikifuga jogoo, kijiji hiki kitauliza ni mume wa nani."

"Mume wangu anakuja hapa?"

"Anakuja. Kila jioni. Anakaa juu ya jiwe lile, anamkuna Ngonmo shingoni, hanywi hata chai yangu, anaondoka. Kama huo ndio uzinzi, dada yangu, basi mimi sikuelewa ndoa yangu hata siku moja."

Palzom akasimama, akapangusa mikono. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, amekosa jino moja la mbele, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha kabla ya kuanza. Alimtazama Yudron usoni, kisha akaizima simu.

"Wenzake wako wapi, Palzom?"

"Hayo si ya kinywa changu. Mimi niliombwa nimtunze huyu na ndama wake. Niliombwa nimwekee wimbo, maana bila wimbo wako hatoi tone. Yeye hufika jioni na lori la watu wa barabara. Kaa, nikupe chai."

"Sina kiu."

"Sikukuuliza kiu. Nimesema kaa."

Yudron akakaa. Alimtazama Ngonmo, na Ngonmo akainua kichwa, akapanua pua, akavuta kamba yake mpaka akamfikia na kumnusa magoti, mikono na shingo. Pumzi yake ilikuwa ya moto. Yudron aliiona ikitoka kama moshi, lakini haikumgusa popote ndani.

Jua lilipokaribia ukingo wa mlima, lori lilisimama barabarani. Gonkyab aliingia uani na kofia ngumu ya njano mkononi. Vumbi la mwamba lilikuwa limempaka nywele, nyusi na masharubu, akaonekana kama mzee. Alipomwona mkewe alisimama pale pale langoni.

"Nani amekwambia?"

"Siagi," alisema Yudron.

Palzom akachukua ndoo yake, akaingia ndani, akafunga mlango kwa kishindo ili wajue kwamba amefunga.

"Keti, Gonkyab."

"Nitasimama."

"Basi simama useme. Yaki wa mama yangu wako wapi?"

Alisema. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena.

"Majira ya baridi yalipokwisha nilipanda nao Serkha. Zamani tulikuwa tukipanda kijiji kizima, unakumbuka, njia inakanyagwa na kwato nyingi, na usiku mbwa wanajibizana. Safari hii tulipanda nyumba mbili. Wengine wote wako mjini na watoto, au wamekwenda kuchimba uyoga wa dawa. Yule wa pili akashindwa, akashuka. Nikabaki."

"Ulikuwa ukiniambia mko wengi."

"Nilikuambia hivyo."

"Endelea."

"Walinikatalia maziwa. Nilivaa joho lako la kukamulia, Yudron. Nilijipaka siagi yako ya zamani mikononi ili ninuke kama wewe. Nikaimba. Walinitazama kama mwizi." Akacheka kidogo, akaacha. "Ndipo nikakuomba wimbo. Serkha hakuna mtandao, unajua. Kila siku nilishuka mpaka kwenye lile rundo la mawe ya sala kuupokea, nikapanda nao tena. Ukafanya kazi. Wakatoa. Nikasema tutavuka."

"Halafu?"

"Halafu ikaja theluji ya majira yasiyo yake. Ndama walikuwa wametoka tu kuzaliwa. Nikataka kuwashusha malisho ya kati, kama tulivyofanya siku zote. Malisho ya kati yamegawanywa, yamezungushiwa waya. Kila mtu na fungu lake. Nilisimama kwenye waya nikaita, na hapakuwa na mtu wa kunifungulia. Wenye mafungu wako mjini. Ningeweza kuukata ule waya. Nilikuwa na koleo mkononi. Sikuukata. Niliogopa faini, niliogopa maneno ya watu. Ndama walikufa pale pale kwenye waya, mmoja mmoja. Na mbwa pia."

Yudron alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe iliyolala mapajani.

"Na mama zao?"

"Walibaki mifupa. Nikaona majira ya baridi yajayo yatawamaliza. Akaja mfanyabiashara. Nikawauza."

"Kwa mfugaji au kwa mchinjaji?"

Gonkyab akageuza kofia mkononi.

"Baadhi alisema atawapeleka kwa wafugaji wa upande wa pili."

"Na wengine?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza, Yudron. Niligeuka nyuma wakati wanapakiwa. Ngonmo sikumtoa, nilimshika sufu ya sikio mpaka lori likaondoka. Alikuwa na mimba ambayo hakuna aliyeitambua kwa uzee wake. Akazaa hapa. Ni ndama jike."

"Ningekuwa mlimani ningekata ule waya."

"Najua."

"Ungenipigia, ningekuja. Ningepanda na theluji hiyo hiyo."

"Najua pia. Ndiyo maana sikupiga. Ningekutoa mjini, mtoto angekosa shule, na yaki wangekufa vilevile, na mimi ndiye niliyekuambia, nenda, nitaweza. Nilisema nitaweza. Baada ya hapo kila siku nilitaka kukuambia, na kila asubuhi ulinitumia wimbo. Mwanamke anayewaimbia yaki waliokwisha kwenda, nimwambieje? Nikasema, yupo Ngonmo, basi si uongo wote. Nilikuwa nikiusikiliza kabla ya kuingia kwenye handaki la barabara kuchimba mwamba. Wenzangu wote walikuwa wakiujua."

"Wao walijua. Mama yako alijua. Palzom, Dzompa, na kuku wa Dzompa. Mimi peke yangu nilikuwa nikiimba."

Gonkyab akapiga magoti kwenye samadi ya ua, kofia ikamtoka mkononi na kubingirika mpaka miguuni kwa ndama.

"Nipige. Nitukane. Lia, mke wangu, lia basi nikuone!"

"Siwezi," alisema Yudron. Alisema bila hasira, kama anayemwambia mtu kwamba chumvi imekwisha. "Nimejaribu tangu jana. Hakuna kitu. Ulichukua yaki wangu, lakini hicho sijui kilikwenda na nani. Huenda kilianza kwenda siku ile niliposhuka na sanduku. Inuka, unachafua suruali."

Akainuka.

"Unaniacha?"

"Siku nitakayokuacha nitakuambia kwa maneno. Mimi si wewe."

"Sasa nifanye nini?"

Yudron akaiokota ile kofia miguuni kwa ndama, akampa.

"Kesho utapanda gari uende mjini. Utamfunga Chimey viatu. Utampikia mama yako uji na kumsugua kifua. Utakaa katika nyumba ile inayotazama ukuta. Kazi ya mawe iko huko pia, wanajenga kila siku. Mimi nabaki na Ngonmo na ndama."

"Yudron! Majira ya baridi yanakuja. Mwanamke peke yako? Na watu watasema nini, mwanamume amekaa mjini kumpeleka mtoto shule, mke yuko na yaki?"

"Watu wamekwisha kusema. Walisema niko ndani ya simu."

Kutoka nyuma ya mlango ilisikika sauti ya Palzom: "Na peke yake vipi? Mimi ni mti?"

Hakuna aliyecheka, ila Gonkyab alifuta macho kwa mkono na kujipaka tope jeupe usoni.

"Tena," alisema Yudron, "kila asubuhi, saa ya kukamua, utanitumia ujumbe. Utasema jambo moja la kweli. Liwe dogo, liwe la aibu, mradi ni la kweli. Mimi niliimba majira mazima. Sasa ni zamu yako."

"Na nikikosea?"

"Nitajua. Sasa ninaonja."

Gonkyab alikwenda mjini. Yudron alifungua kufuli la nyumba yao, akawasha moto wa samadi kavu, akamfunga Ngonmo katika zizi lililo chini ya chumba cha kulala, mahali yaki walipokuwa wakilala ili joto lao lipande. Alimkamua. Ngonmo alitoa maziwa kidogo, kikombe tu, kwa kuwa mikono na harufu vilikuwa ni vya mwenyewe. Lakini Yudron hakuimba. Alifungua kinywa mara moja, wimbo ukamjia kama unavyotoka simuni, mkavu, na kikohozi mahali pake, akaufunga.

Ujumbe wa sauti ukaanza kuja.

"Chimey amekwenda shule. Ama amekunywa dawa."

"Nimeunguza uji."

"Leo nimedhani nitakuambia kwamba siwakumbuki yaki. Ningekuwa nimesema uongo."

Yudron alisikiliza kila mmoja mara moja, akarudisha simu mfukoni, hakujibu. Mwaka Mpya ukafika na njia ikiwa imefungwa na barafu. Palzom alileta bia ya shayiri na mkate wa kukaanga, wakala wawili, na ndama akaingiza kichwa mlangoni.

"Huyu mumeo amesema nini leo?"

"Amesema amekaa kwenye ngazi akalia. Dzompa amemwona."

"Dzompa! Basi wameshajua mpaka ng'ambo ya mto." Palzom akamimina bia. "Na wewe umemjibu nini?"

"Sijamjibu."

"Mwanamume amelia mbele ya Dzompa, dada. Hiyo ni sadaka kubwa kuliko kuuzunguka mlima mtakatifu kwa kusujudu."

Yudron akahisi midomo yake ikivutika. Aliigusa kwa kidole kuhakikisha.

Baridi ilimrudishia mikono yake. Kwanza ikawa mikavu, kisha migumu, kisha ngozi ya vidole ikapasuka kwenye viungo, kama ilivyokuwa ikipasuka tangu ujana wake. Aliitazama ile mipasuko kama anayetazama mikono ya jirani. Haikumuuma. Alipaka siagi kwa desturi tu. Siagi nyingine aliifunga katika ngozi ya kondoo akampa dereva aipeleke mjini: bonge dogo, kiasi cha ngumi ya mtoto.

Barafu ilipoanza kuachia mto, na watu wachache waliorudi kupanda shayiri walipokuwa wakitengeneza majembe yao, Yudron alitoka uani na ndoo asubuhi. Simu ikalia mfukoni. Aliifungua akiwa tayari amechuchumaa.

Sauti ya Gonkyab ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeogopa kuamsha nyumba.

"Yudron. Siagi imefika. Nimekata kipande, sikukimeza. Nimekionja. Haina kitunguu cha Serkha, kwa sababu Ngonmo hajapanda Serkha. Ina majani makavu, na moshi wa jiko letu. Chimey naye ameonja, amesema inanuka mama. Nikatoka kibarazani. Ninautazama ule ukuta uliokuwa ukiuimbia. Sikujua ni karibu namna hii. Nikinyoosha mkono nadhani nitaugusa. Nilikuacha usimame hapa. Hilo ndilo la kweli la leo."

Yudron aliiweka simu juu ya jiwe. Akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Ngonmo, akaanza kukamua. Maziwa ya kwanza, ya moto, yakamtiririkia vidoleni na kuingia katika mipasuko.

Yakamchoma.

Akavuta mkono haraka, akautazama. Akaurudisha. Yakachoma tena, uchungu ukapanda mpaka kwenye kiwiko, ukapita begani, ukafika mahali ambapo ndama walikuwa wamelala kwenye waya mmoja mmoja, na mbwa, na wale ambao hakuna aliyeuliza walikopelekwa. Alilia kwa sauti, kwa kamasi, kama mtoto, na hakuacha kukamua, maana Ngonmo hapendi mtu anayeacha katikati. Palzom alitokeza kichwa juu ya ukuta, akaona, akakirudisha chini.

Kilio kilipopungua aliichukua simu kwa mkono uliolowa maziwa, akajibu kwa mara ya kwanza tangu vuli.

"Baba Chimey. Shule ikifungwa, mlete mtoto. Ama akiweza, naye aje. Tutakuwa tumekwisha kupanda shayiri. Ndama amepata nguvu, tutapanda nao Serkha, mimi, wewe na Palzom. Wanyama wawili tu, watu watatucheka. Na uje na koleo. Nitazungumza na wenye mafungu, kila mmoja, kwa jina lake, nitawaomba njia ya kupitia. Asiyepatikana, waya wake nitaukata mwenyewe, na faini nitalipa."

Akapangusa kamasi kwa mkono wa joho.

"Sijakusamehe yote. Hilo ndilo la kweli la leo."

Akautuma. Akaizima simu kabisa, akaitia mfukoni mwa joho, akarudi kwenye ubavu wa moto wa Ngonmo. Ndama alikuwa akivuta kamba, akimtazama. Huyu hakuwahi kusikia wimbo ule ila kutoka kwenye nguzo ya Palzom.

"Wewe nawe sikiliza vizuri," Yudron alimwambia. "Huu ndio wenyewe."

Akasafisha koo, akaimba.

*Shuka, nyeupe, shuka.*